Mayai Meupe Pipani

Lucky Summer, Nairobi
Ijumaa, 6 Machi 1998

Kaka Patrobas,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kabla ya Pasaka. Hakuna aliyekufa. Mama huko Kimilili ni mzima, mimi ni mzima, na mbu wa Lucky Summer ni wazima kutushinda sote.

Hii mvua ya El Nino imetuachia madimbwi kuanzia hapa mpaka mtoni, na sasa mbu wamehamia kwenye ploti yetu. Kazi yangu unaijua. Nafulia watu wa viwanda vya Baba Dogo, zile ovaroli za grisi ambazo wake zao hawataki hata kuzigusa. Maji ya mfereji yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, ndiyo maana nina mapipa saba nimeyapanga ukutani pale nyuma. Bila hayo mapipa mimi si dobi, mimi ni mwanamke mwenye sabuni.

Juzi mwenye ploti, Mama Wachira, alikuja na kikombe cheupe cha bati. Akachota kwenye pipa la pili, akaniwekea kikombe chini ya pua. Viluwiluwi walikuwa wanacheza humo kama wako shuleni saa ya mapumziko.

"Nekesa, hawa ni wako?"

"Si wangu, Mama. Wamekuja tu."

"Basi wamekuja kwenye mapipa yako. Mwezi wa nne ukiisha, nisione pipa hapa."

Na hakukosea, kaka. Mtoto wa Mativo wa nyumba namba nne ameumwa mpaka jicho moja halifunguki. Mimi mwenyewe naona aibu nikikutana na mamake mlangoni.

Nilijaribu mafuta ya taa. Mbu walipungua lakini nguo zikanuka. Mteja mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alinirudishia ovaroli yake akasema anaogopa kuwasha moto akiwa ameivaa. Nafunika mapipa kwa magunia, lakini nachota kutoka asubuhi mpaka jioni, na mbu hawangoji kukaribishwa.

Sasa nakuja kwako. Miaka saba uko na mbu huko kituoni, na Mama hakosi kuwakumbusha watu wa kanisa kwamba ana mwana daktari wa mbu. Nilisikia kwenye redio kwamba kuna miti ambayo maji yake yanaharibu mayai ya mbu bila kuharibu nguo wala mtu. Ni miti gani? Inatumiwaje? Nataka kuwamaliza wakiwa bado mayai, kabla hawajajua kuogelea.

Dadako,
Vivian Nekesa


Kituo cha Utafiti, Kisumu
Jumapili, 15 Machi 1998

Mpendwa dada Nekesa,

Barua yako imenifikia salama na nimeitafakari kwa kina. Tatizo unalolieleza ni tatizo ambalo sisi watu wa utafiti tunalishughulikia kila uchao. Umefanya vyema kuuliza mahali panapostahili.

Jibu ni mwarobaini. Si majani kama watu wengi wanavyodhani, bali mbegu. Ndani ya mbegu ndimo mlimo na nguvu. Nakutumia kilo mbili zilizokaushwa kwa basi la usiku wa kesho, Jumatatu. Nenda ukachukue mzigo stendi ya mabasi karibu na Muthurwa, umeandikwa jina lako.

Zitwange kwenye kinu, uziloweke katika maji siku moja, kisha uchuje kwa kitambaa safi. Kikombe kimoja cha mbegu zilizotwangwa kinatosha ndoo moja ya maji ya dawa. Ndoo hiyo igawe kwenye mapipa yako. Mwaga asubuhi, yapata saa mbili, wakati mbu wamelala na hawawezi kupinga. Jambo hilo la saa ni muhimu sana kitaalamu.

Mwenzangu Daktari Habibo, ambaye tunafanya naye kazi kwa karibu, anaukubali sana mwarobaini.

Msalimie Mama Wachira, mwambie asiwe na wasiwasi. Jambo hili lina mwenyewe.

Kakako,
Patrobas Shiundu


Lucky Summer
Ijumaa, 27 Machi 1998

Kaka,

Mzigo nilipata. Dawa nimetengeneza kama ulivyosema na nimemwaga asubuhi saa mbili kamili, saa nimeshika mkononi. Imefanya kazi vizuri. Vizuri sana kabisa. Usiwe na shaka yoyote.

Ila nikueleze kilichotokea kwa Mativo. Aliamka kwenda kazini, akakuta ndoo zake hazina kitu, akachota kwenye pipa langu bila kuniuliza, akapika chai. Kaka, uchungu wa ile mbegu hauna mfano. Akaongeza sukari, akaongeza tena, mwisho akamwamsha mke wake: "Mama Mutua, kama umenichoka si useme?" Sasa kila pipa nimeandika kwa chaki YA KUFUA TU.

Jambo jingine. Mama Wachira aliposikia kwamba dawa imetoka kwa mtaalamu ambaye ni kaka yangu wa tumbo moja, alienda kuwaambia wenye ploti wenzake. Wana mkutano wa wakaaji Jumapili tarehe 26 Aprili, baada ya kanisa, kwenye uwanja ulio nyuma ya soko. Wote wanalia na mbu. Wanataka uje uongee nao.

Nimewaambia utakuja. Ungeona nilivyosimama wima nikisema hivyo.

Nekesa


Kituoni, Kisumu
Ijumaa, 3 Aprili 1998

Dada Nekesa,

Nimefurahi kupindukia kwamba dawa imefaulu. Sikushangaa, lakini nimefurahi.

Kuhusu mkutano, nasikitika. Mwezi huu tuko katika kipindi nyeti cha utafiti, kipindi ambacho mtu hawezi kuondoka mezani hata kwa siku moja. Mbu nao hawana Jumapili. Pendekezo langu ni kwamba nikuandikie hotuba, kurasa mbili au tatu, nawe uwasomee. Hotuba iliyoandikwa ina uzito kuliko mtu mwenyewe.

Wape salamu za kituo.

Patrobas


Lucky Summer, Nairobi
Alhamisi, 9 Aprili 1998

Kwa Bwana Patrobas Shiundu,

Mimi ni Teresiah Mukami, mwenye ploti anayoishi dada yako. Watu huniita Mama Wachira. Hatujuani, lakini nimesoma barua yako ya tarehe tatu, kwa sababu Nekesa aliniletea akiwa na uso kama mtu aliyefiwa na kuku.

Nitasema mambo machache kisha nikuache uendelee na mbu wako.

Dada yako ananiambia dawa inafanya kazi. Mimi huamini ninachokiona. Leo asubuhi nimechota kwenye pipa la pili na la tano kwa kikombe changu, na viluwiluwi bado wamo, wanene kuliko wa mwezi jana. Sijamwambia Nekesa kwamba nimeona. Nilimpita akiwa ameinama anatwanga mbegu zako, mikono imepasuka.

Sina ugomvi naye. Ni mpangaji msafi na ana heshima. Lakini nina nyumba kumi na mbili na watoto kumi na tisa kwenye hiyo ploti. Siwezi kuwaambia wazazi wavumilie.

Nimekwisha kuwatangazia watu kwamba utakuja. Hotuba ya karatasi hatutaki, tunazo nyingi. Njoo utuambie kwa mdomo wako kwa nini dawa haifanyi kazi na tufanye nini. Usipokuja tarehe 26, tarehe 27 nitaita mkokoteni uondoe mapipa.

Tena nikuulize, kwa kuwa wewe umesoma. Mamangu kule Mathira alikuwa akiweka mubangi kwenye viota vya kuku, na viroboto walihama. Ni lile gugu refu lenye maua madogo ya manjano, ukilikanyaga linanuka mpaka unapiga chafya. Hapa limejaa kila uchochoro na halina mwenyewe. Je, mbu nao hawalichukii?

Ni mimi,
Teresiah Mukami Wachira


Lucky Summer
Jumanne, 14 Aprili 1998

Kaka Patrobas,

Naandika haraka kwa sababu nikichelewa nitaogopa tena.

Nilikudanganya. Dawa yako haikufanya kazi. Nilimwaga asubuhi ile ya kwanza, siku ya tatu mayai yote yakaanguliwa kana kwamba nimeyatia uji. Nikamwaga tena, ikawa vile vile. Niliposhika kalamu kukuandikia, nilikumbuka ulivyoandika "jambo hili lina mwenyewe", nikashindwa. Nikaona afadhali nikose mapipa kuliko ujione umeshindwa mbele ya watu wako wa sayansi. Nisamehe.

Lakini sasa sikiliza, kwa maana nimeona kitu.

Wiki jana nilikuwa na ovaroli arobaini za kutoa siku moja, kwa hivyo niliamka saa kumi na moja na nusu. Nikaenda na tochi kwenye pipa la pili. Juu ya maji palikuwa na kitu kidogo cheupe kama punje ya mchele. Nikafikiri ni mchele kweli. Nikakitazama karibu: ni mayai, kaka! Mayai ya mbu yameshikana kama kimkeka, lakini meupe. Mimi miaka yote nimeyaona meusi, kama masizi ya sufuria yanayoelea. Nikamaliza kufua nguo za kwanza, nikaanika, nikarudi kutazama. Kimkeka kimekuwa cha kahawia. Kufika saa mbili kilikuwa cheusi ti.

Basi nikajiuliza: hii saa mbili ninayomwagia dawa, si tayari mayai yamekwisha kuvaa koti?

Nikachukua makarai matatu, nikayapanga nyuma ya choo ambapo mbu wanapenda. La kwanza maji matupu. La pili maji ya mwarobaini. La tatu maji ya mubangi niliouchemsha, maana Mama Wachira alinipitia akaniuliza kama nimewahi kuujaribu, akaenda zake bila kusema zaidi. Yote nilimwaga jioni saa kumi na mbili, kabla mbu hawajaja kutaga. Nimefanya hivyo siku tano na nimeandika kila asubuhi.

Karai la maji matupu: vimkeka kumi na vinne, vyote vikaanguliwa. La mwarobaini: vimkeka tisa, vikaanguliwa viwili, na hao waliotoka wakawa wamelegea, kesho yake wakafa. La mubangi: vimkeka vitatu tu kwa siku tano! Nadhani harufu inawafukuza hata kabla ya kutaga. Viwili vilianguliwa, kimoja hapana.

Kisha nikafanya jambo la mwisho. Nilichota kimkeka cheupe na kimkeka cheusi, nikaweka kila kimoja kwenye kikombe chake cha maji ya mwarobaini. Cheusi kikaanguliwa. Cheupe mpaka leo kimelala.

Kaka, ni saa! Ni hiyo saa tu! Wewe mtaalamu utanieleza kwa nini, lakini mimi kuanzia leo namwaga jioni. Na karatasi yenye hesabu zote nimekuwekea humu ndani.

Usinikasirikie kwa ule uongo. Na tafadhali uje. Sitaki kusoma hotuba.

Nekesa


Kituoni, Kisumu
Jumanne, 14 Aprili 1998

Nekesa,

Leo siandiki kama nilivyozoea kukuandikia.

Nimepata barua ya Mama Wachira. Ameniambia viluwiluwi bado wako. Kwa hivyo najua ulichofanya, na najua kwa nini. Nimekaa nayo siku mbili nikiwa sili vizuri.

Mimi si mtaalamu wa chochote. Naosha chupa.

Asubuhi nafika, nakuta zile chupa za kioo na trei ambamo mbu wametagishwa na kufugwa, nazisugua, nazisuuza, nazianika kwenye rafu. Jioni naanza tena. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu mwaka wa tisini na moja. Daktari Habibo si mwenzangu. Ni mkubwa wangu, na tangu nifike hapa tumeongea labda mara kumi, nyingi zikiwa "Patrobas, hii ina sabuni bado." Mambo ya mbegu za mwarobaini niliyasikia akiwaeleza wanafunzi waliokuja kutembelea, nami niko kwenye karo na mgongo wangu umewageukia. Mbegu nilizokutumia niliziokota chini ya mti ulio karibu na lango.

Ile saa mbili ya asubuhi sikuisikia popote. Niliibuni. Niliona dawa lazima iwe na saa yake, na hiyo ilionekana nzuri.

Uongo huu haukuanza kama uongo. Nilipopata kazi Mama aliniuliza, "Unafanya nini huko?" Nikamjibu, "Nashughulika na mbu." Juma lililofuata akasimama kanisani akaomba watu wanikumbuke kwa maombi, mimi mwanawe ninayetafuta dawa ya malaria. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeketi pale pale. Ningesimama wakati ule ingekuwa jambo la kucheka. Sikusimama. Baada ya hapo kila likizo ilikuwa ngumu kidogo, na sasa mwaka wa tatu sijaenda nyumbani, nasema nina kazi nyeti.

Wewe ulidanganya ili nisiaibike. Mimi nilidanganya ili nisiaibike. Wote wawili tumekuwa tukinihudumia mimi, na mapipa ni yako.

Waambie nimeugua. Siwezi kusimama mbele ya watu hao. Mama Wachira nitamwandikia nimwombe akuongezee muda.

Patrobas


Lucky Summer
Jumatatu, 20 Aprili 1998

Patrobas,

Barua zetu zilipishana njiani. Naona yangu unayo sasa.

Yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikiwa nimesimama, nikiwa nimekasirika hata nikamwaga ndoo ya maji safi bila kujua. Wiki mbili nimetwanga mbegu kwa ajili ya saa uliyoitoa kichwani! Mapipa yangu yangeondoka kwa sababu ya saa iliyoonekana nzuri! Ungeniambia tu "sijui", ningetafuta mwenyewe mapema.

Mara ya pili niliisoma nimeketi, na nilipofika pale pa "hii ina sabuni bado" nilicheka mpaka Mativo akagonga ukuta.

Sasa nisikilize mimi. Usiugue. Kazi yako haina aibu. Mimi nafua grisi za watu na huwezi kuniona nimejificha. Kama naweza kusema mimi ni dobi, wewe utasema unaosha chupa. Hata tumekuwa watu wa kazi moja, ila wewe una paa.

Tangu nianze kumwaga jioni mapipa yametulia, isipokuwa mawili, la tatu na la saba. Nayamwaga maji yote, nayajaza upya, natia dawa, na bado viluwiluwi wanatokea baada ya siku mbili, hata kabla sijaona kimkeka chochote. Sielewi wanatoka wapi. Mama Wachira anachungulia kila siku kwa kile kikombe chake. Mkutano ni Jumapili.

Usipokuja nitasimama mwenyewe, na nitawaambia kaka yangu anaosha chupa Kisumu, na sitainamisha kichwa. Lakini ningependa uyaseme mwenyewe.

Njoo na begi dogo. Nyumba ni ile ile moja.

Nekesa


Lucky Summer, Nairobi
Jumamosi, 2 Mei 1998

Kwa Bwana Patrobas,

Natumaini ulifika salama. Uliondoka Jumatatu kabla sijaamka na hukuniaga, kwa hivyo haya ambayo ningekuambia mlangoni nayaandika.

Nimehudhuria mikutano mingi ya wakaaji. Nimeona diwani akiahidi mitaro, nimeona mtu wa kampuni akituuzia dawa ya kupuliza. Sijawahi kuona mtu akiitwa mbele kama mtaalamu, aanze kwa kusema, "Mimi si mtaalamu, mimi naosha chupa, na aliyehesabu mayai ni dada yangu." Nikuambie ukweli, nilitaka ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyekutangaza. Mativo akacheka. Mzee mmoja wa ploti ya kona akauliza kwa sauti, "Sasa tukusikilize kwa nini?"

Nawe ukajibu, "Msinisikilize. Tazameni." Ukapitisha mkono kwa mkono chupa mbili alizotayarisha Nekesa, hii ya mayai yaliyoanguliwa na hii ya mayai yaliyolala. Nilikuwa nawatazama watu. Hapo ndipo walipoanza kusogea karibu.

Lakini mimi sikushawishika kwa chupa. Nilishawishika ulipoondoka katikati ya mkutano, ukasema unataka kuona pipa la tatu na la saba, na sisi wote tukakufuata kama arusi. Uliingiza kichwa ndani ya pipa tupu. Ukapitisha kidole kwenye ukuta wake, pale juu ya alama ya maji. Ukatuonyesha vinukta vyeusi vidogo vimegandamana. Ukasema kuna mbu wengine ambao hawatagi juu ya maji, wanabandika mayai ukutani, na mayai hayo hungoja hata pipa likikauka. Kwamba wewe ulikaripiwa mara nyingi kwa sababu ya vinukta hivyo kwenye chupa za kituoni, mpaka ukajua vinatokaje. Kisha ukakunja mikono ya shati lako la kanisani, ukaomba brashi.

Bwana Patrobas, nimemiliki mapipa tangu uhuru. Sikujua pipa husuguliwa kwa kuanzia juu kushuka, si kwa kuzungusha maji tu na kumwaga. Hakuna aliyekuja hapa na koti jeupe akatuambia hivyo.

Sasa uamuzi wangu. Mapipa yatabaki. Kila Jumatatu yatasuguliwa kabla ya maji ya Jumanne, na dawa itamwagwa jioni. Hata mapipa ya ploti nyingine mbili yameanza utaratibu huo, na mke wa Mativo ndiye anayegonga milango kuwakumbusha. Pipa la tatu nimelichunguza leo. Kikombe changu kilitoka na maji tu.

Kuna jambo moja la kunikera. Mtu fulani alimsikia Nekesa akisema tunachemsha mubangi, akaenda kusema kwamba Mama Wachira anachemsha bangi nyuma ya nyumba. Askari wawili walikuja Alhamisi. Mimi, ambaye nimekuwa mwekahazina wa akina mama kanisani miaka kumi na minne! Niliwafunulia sufuria. Mmoja akainama anuse, machozi yakamtoka, akapiga chafya sita. Wakaomba msamaha wakaondoka. Leo yule aliyepiga chafya amerudi na jerikeni, anasema mbu kituoni kwao ni wengi.

Ukija tena Nairobi usiingie kwa Nekesa kama mwizi. Pita kwangu kwanza, ule.

Wako,
Teresiah Mukami Wachira


Kimilili
Jumamosi, 16 Mei 1998

Nekesa,

Tazama nilipoandikia. Niko nyumbani.

Nianze na kazi. Nilirudi kituoni na ile karatasi yako mfukoni. Siku nne niliipitisha mbele ya mlango wa Daktari Habibo bila kuingia. Siku ya tano nikaingia. Nikampa. Akaisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.

"Nani ameandika hii?"

"Dada yangu. Ni dobi, Lucky Summer."

"Amejuaje kuweka karai la maji matupu?"

Nikamwambia sijui, nadhani ni kwa sababu ni mtu mwaminifu. Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

Alinieleza kwamba yai kuwa jeupe linapotagwa si jambo jipya, vitabu vinalijua. Lakini akasema vitabu haviamki saa kumi na moja kufua ovaroli, na kwamba angependa kuona kama hesabu zako zitatokea hivyo hivyo huku kwetu, na mbu wetu, na trei nyingi kuliko makarai matatu. Zikikataa atasema zimekataa. Anataka umwandikie ulitwanga mbegu laini kiasi gani, na kitambaa ulichochujia ni cha aina gani. Mwandikie wewe mwenyewe, kwa Kiswahili. Mimi si mjumbe tena.

Kuanzia Jumatano nitakuwa nikiamka mapema kuhesabu vimkeka kwenye trei kumi na mbili. Baada ya hapo naosha chupa kama kawaida. Usimwambie mtu yeyote kwamba nimepandishwa cheo, kwa sababu sijapandishwa. Nimeongezewa kazi.

Halafu nikapanda gari nikaja huku.

Mama alikuwa nje anachambua maharagwe. Amekonda kidogo lakini sauti ni ile ile. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaniuliza kama utafiti umeniruhusu. Nikaona nikingoja mpaka chakula nitangoja mpaka Krismasi. Nikaketi kwenye gogo karibu naye, nikamwambia yote. Kanisa, makofi, miaka mitatu, chupa. Nilimwambia na lile neno la Daktari kuhusu sabuni, kwa sababu nilidhani litamchekesha.

Hakucheka. Aliendelea kuchambua. Punje mbovu akitupia kuku, nzuri akiweka kwenye ungo. Nilikuwa tayari kwa hasira, nilikuwa tayari hata kwa machozi. Kwa hayo maharagwe sikuwa nimejiandaa.

Mwishowe akauliza, "Hizo chupa unaziosha zinatakata?"

"Zinatakata, Mama."

"Mtu akija na tochi?"

"Hata akija na tochi."

Akainuka, akakung'uta leso, akachukua ungo.

"Basi njoo ule," akasema. "Kesho kanisani nitaongea mimi. Wewe utakaa kwenye benchi la mbele, na nikisema usimame, usimame."

Kakako,
Patrobas